Mama Mkwe Aliyeombea Nje ya Geti Langu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Amina. Mara moja inatosha, nimewasikia. Mchungaji amenipa dakika chache, na mkinipigia makofi kila sentensi nitashuka hapa kabla sijafika popote. Ndugu wa kinanda, na wewe pumzika kidogo, tafadhali.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule wa Kagarama, hapa hapa Kigali, nafanya kazi wizarani Kacyiru. Nimekulia Ngara, Tanzania, ndiyo maana nashuhudia kwenye ibada hii ya Kiswahili. Kinyarwanda changu bado kinawachekesha watu. Wengine mnanijua kwa sababu niliwahi kuwafungia geti. Usijifiche nyuma ya mwenzako, mama, nimeshakuona!

Nitawaambia kwa nini niliwafungia. Mimi na mke wangu Espérance tulikuwa na mtoto mmoja, Shema. Akaugua, bado mdogo. Tuliomba, ndugu zangu, tuliomba mpaka sauti zikakauka! Watu wa maombi wakajaa sebuleni, wakatuambia ameshapona, tushukuru. Shema akafa. Na kabla msiba haujaisha, ndugu mmoja mwenye Biblia kubwa akanivuta pembeni kunieleza kwamba imani yangu ilikuwa ndogo. Mwingine akasema Mungu alihitaji malaika. Alihitaji! Mungu mwenye majeshi ya malaika akapungukiwa na mmoja, akaja Kagarama kuchukua wa kwangu!

Nikasema basi. Nyumbani kwangu hakuna maombi tena, si mezani, si kitandani. Jina la Shema nalo likapotea. Mke wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shema, akarudi kuwa Espérance kana kwamba hakuwahi kuzaa. Tulikula kimya, tukalala kimya. Mwishowe akaniambia, bila hasira yoyote, kwamba hawezi kuzeeka kwenye nyumba ile. Nilimpenda na nilikuwa nampoteza, na sikujua nifanye nini.

Na ninyi mkawa mnakuja! Jumamosi, mtu ametoka umuganda, kazi ya mtaa, ana tope mpaka magotini, mnagonga geti. "Ndugu, ukifa leo utaenda wapi?" Jamani! Mtu amezika mtoto, mnamuuliza akifa ataenda wapi! Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mtoto yule alipenda nini. Alipenda kuhesabu pikipiki, kama mnataka kujua.

Basi, Mungu alipoona mmeshindwa, akanitumia mtu nisiyeweza kumfungia geti. Akanitumia mama mkwe.

Ambaye hajaoa kwetu hawezi kuelewa nilivyonaswa. Mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama mkwe, hajibiwi vibaya. Hapandishiwi sauti. Kwa wazee wetu, mkwe hata chakula hali mbele yake. Alikuja kutoka Bujumbura kutibiwa goti hapa Kigali, mama mnene, mpole, na mkongojo wake. Nikamweleza kwa adabu zote sheria ya nyumba yangu. Nilikuwa tayari kwa mabishano, majibu nimeyapanga njia nzima kutoka Kacyiru.

"Mukwe wangu," akasema, "nyumba iko yako. Kama hutaki maombi ndani, mimi nitaombea inje."

Nikadhani ni maneno tu. Kesho yake alfajiri nasikia geti linalia. Nachungulia dirishani: Mabukwe amebeba kigoda, ameketi nje kando ya barabara, kitenge begani, anaomba. Na goti lake lile! Siku iliyofuata, vilevile. Wiki nzima, vilevile. Watu wanaokwenda kazini wanamwamkia, halafu wanaliangalia geti langu. Ndugu zangu, mtaa mzima ukajua kwamba nimemfukuza mama mkwe! Kwenye umuganda, mkuu wa mudugudu wetu, yaani wa mtaa, akanisogelea na jembe lake, akaniuliza kwa upole kama kuna tatizo nyumbani. Nikasema hakuna. Akatazama chini, akaendelea kuzibua mtaro.

Nilikasirika, acheni tu! Nikimkataza, nimemkosea mama mkwe. Nikimwambia aombee ndani, nimeshindwa. Nikinyamaza, naaibika. Na yeye hanibishii! Akirudi ndani ananiuliza kama nimelala vizuri, kisha anakwenda kumsaidia mwanawe kumenya ndizi. Hakunihubiria hata siku moja. Laiti angenihubiria ningepata nafuu, maana majibu yangu yote yalikuwa yananiozea mdomoni.

Ikaja masika. Asubuhi moja mvua ikashuka, ile mvua yetu mnayoijua, nikasema leo mama wa watu atalala. Geti likalia! Nikachukua mwavuli, nikatoka mbio. Nilikuwa nimeamua: heshima au si heshima, leo atanisikia.

Nikafika nyuma yake. Hakujua kama nipo, kwa sababu ya mvua, na yeye alikuwa anaomba kwa sauti, kwa Kiswahili chao cha Bujumbura. Nikangoja kusikia jina langu. Nilikuwa na hakika ananishitaki kwa Mungu, huyu mkwe mwenye moyo mgumu. Hakunitaja kabisa.

"Mungu," alikuwa anasema, "ule mutoto Shema, sababu gani ulimuchukua? Miye bado nakuuliza. Na kesho nitarudi nikuulize tena. Lakini siendi kwa mwingine."

Ndugu zangu! Tangu tumzike, hakuna mtu aliyelitaja jina lile mbele ya Mungu bila kubandika maelezo juu yake. Na swali lile lilikuwa langu! Mimi nilimwacha Mungu kwa sababu ya swali lile, na mama huyu alikuwa anampelekea lilelile kila asubuhi, na goti bovu. Sikujua kwamba inaruhusiwa. Hakuna mtu kanisani aliyewahi kuniambia inaruhusiwa!

Nikamfunika kwa mwavuli. Akainua uso, akaniona. Hakusema "umeona sasa". Alisogea kidogo kwenye kile kigoda, kana kwamba mtu mzima kama mimi angeenea pale. Nikalia, barabarani, pikipiki zinapita. Nikasema, "Shema." Hiyo ndiyo sala yangu ya kwanza, msinitafutie nyingine ndefu zaidi.

Tukaingia ndani wote wawili, tumelowa. Espérance alikuwa amesimama mlangoni na taulo. Nikamwita Mama Shema, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Taulo likamponyoka mikononi.

Msidhani niliokoka siku ile, na naomba msiende kusimulia hivyo. Ilichukua muda. Niligombana na Mungu sana, safari hii nikigombana naye usoni, na Mabukwe ananiuliza tu kama sukari kwenye chai inatosha. Mpaka siku moja mwenyewe nikamuuliza: huyo unayemuuliza kila siku, amekujibu nini? Akasema Mungu bado hajamjibu, lakini hajamwacha akae pale peke yake hata asubuhi moja. Nikaweka kijiko chini. Nikampa Yesu maisha yangu pale pale mezani, mbele ya sahani ya ndizi na mbele ya mama mkwe. Mke wangu hakuondoka, ndiye huyu hapa mstari wa pili. Swali langu bado ninalo, ndugu zangu, na nina amani. Asante Yesu! Asante kwa huyo mama, ambaye goti lake limepata nafuu na amerudi kwake.

Namalizia, mchungaji, nimekuona. Sasa Mungu amenigeuzia kibao. Mdogo wangu Damas ana baa kule Gisimenti, na haamini kitu. Ananichosha! Nikisema neno moja anarudisha kumi, na wateja wake wanacheka. Kuna siku nilitamani ile Biblia kubwa nimpige nayo kichwani. Lakini nakwenda, naagiza brosheti, ile mishikaki yetu, na fanta, nauliza habari za watoto, narudi nyumbani nimeng'ata ulimi. Sasa ndiyo najua Mabukwe alivyovumilia.

Leo Damas amenileta hapa kwa gari lake. Amekataa kuingia, anasema ananingoja tu. Yuko pale nje karibu na geti, na spika zenu hizi anazisikia atake asitake. Basi nawe uliye nje, na wewe uliye ndani lakini moyo uko nje, mletee Yesu swali lako jinsi lilivyo, hata ukiwa umemkasirikia. Atalipokea. Mimi alilipokea langu.

Na ninyi mliookoka, nawaomba jambo moja. Mkitoka, msimkimbilie! Msimuulize akifa leo ataenda wapi. Msalimieni, muulizeni habari za kazi, mwacheni. Tangu asubuhi naona mawingu upande wa Kicukiro. Mvua ikianza, mmoja wenu ampelekee mwavuli, asimame naye, na anyamaze.