Mama Madeleine, Mkemia wa Chumba cha Kuoshea

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Mama Madeleine Nabintu anastaafu baada ya kuosha chupa za maabara yetu ya dawa hapa Jakobsberg kwa miaka ishirini na minne. Wakubwa wameniomba nimwandikie maneno matamu kwenye ukurasa wa Kiswahili wa jarida letu la kazini. Nitajaribu, ila siahidi.

Alifika Sweden na shahada ya kemia na miaka tisa ya kufundisha Bukavu. Aliambiwa aanze popote, atapanda. Akawekwa kwenye sinki, kati yangu mimi, mwalimu wa hesabu kutoka Bukoba, na Ramiro wa Bolivia, mhandisi wa migodi. Sinki moja, shahada tatu, na msimamizi wetu hana hata moja. Tulicheka mpaka tukazoea, na kuzoea ndiko kulikotuponza.

Mwaka 2014 vipimo vilianza kwenda kombo. Wiki tatu wataalamu wakahangaika na mashine. Mama Madeleine akachovya karatasi ya litmasi kwenye maji ya kusuuzia ya mwisho, ikageuka buluu: sabuni mpya ilikuwa inabaki kwenye chupa. Akamweleza Axel, mkemia kijana. Axel akaandika ripoti, akapandishwa cheo na, kama ilivyo desturi hapa, akanunua keki. Mama alipewa kipande kizuri tu. Baadaye sahani zikaletwa kwetu tuzioshe.

Aliomba kazi ya maabara mara sita. Mara zote alijibiwa kwa adabu kwamba hana uzoefu wa Sweden. Jamani, uzoefu upi tena? Mimi nilinuna; yeye alirudi nyumbani Vårby gård, akamfundisha bintiye Tiana kemia kwenye meza ya chakula.

Mwaka huu Tiana alipata nafasi chuo kikuu, uhandisi wa kemia. Akaikataa. Mama alipouliza sababu, binti alijibu kwa Kiswidi, na Mama akanisimulia akitazama chini:

“Mama, hiyo kemia ilikufanyia nini?”

Kisha akaendelea kusuuza chupa. Swali hilo linaniuma mimi pia.

Asante, Mama Madeleine, kwa kazi yako na kwa akili uliyotupa bila kuombwa. Upumzike, upate afya na usingizi wa asubuhi.

Aya hii nimewatafsiria wakubwa: Ijumaa mtakapotoa hotuba, Tiana atakuwa amekaa mstari wa mbele. Anauliza kemia ilimfanyia nini mama yake. Mjibuni.

Leokadia, chumba cha kuoshea