Bwana Dirisha na Madirisha Ishirini na Mawili

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, mashemeji, majirani, wafanyabiashara wa soko mliokuja na mliokataa kuja mkatuma watoto, viongozi wa halmashauri mlioketi mstari wa mbele, mimi ni mdogo wake marehemu, tumbo moja, na kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa msaidizi wake ofisini, kwa hiyo familia imeniteua niwasomee historia ya maisha yake. Viti mlivyokalia vimepangwa na watoto wake kwa futikamba yake mwenyewe, kiti hadi kiti, basi naomba mtu asivute chake ili apate kumnong'oneza jirani, maana najua yapo ya kunong'onezana. Inasemwa mjini kwamba marehemu alisaini ukumbi wa soko ufunguliwe wakati janga halijaisha, huku mkewe mwenyewe amemfungia nyumbani, na watu wanne wakafa. Nitasoma tarehe zote kwa mpangilio wake, na hilo nitalifikia.

Halmashauri nayo imetuletea ukurasa wake, umechapwa vizuri na kugongwa muhuri, tuuingize katikati ya historia hii. Zamu yake ikifika nitausoma sentensi moja.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 1963, katika chumba cha kupanga nyuma ya kibanda cha fundi viatu, akiwa mtoto wa tatu wa baba yetu, mpiga rangi wa majengo, na mama yetu, mshonaji wa mashuka ya hospitali, lakini wa kwanza kuishi, ndiyo maana mama alimdekeza na baba akamkaripia kwa kipimo kile kile. Mwezi Julai 1972, siku ya mvua na baridi, mama alimwambia afunge dirisha, naye akalifunga, jiko la mkaa likiwa ndani, na dada yetu mchanga wa miezi mitano hakuamka tena katika usingizi wake wa mchana, mama mwenyewe akaponea chupuchupu. Hakuna aliyemlaumu mtoto wa miaka tisa, lakini yeye alijilaumu, na mimi niliyezaliwa mwaka uliofuata nimekua nikimwona kaka akiingia nyumba ya mtu anafungua dirisha kwanza, ndipo anatoa salamu. Tulimcheka sana kwa hilo, shangazi zetu walikuwa wakisikia anakuja wanatafuta khanga ya kujifunika, na hata siku ya posa yake alianza kuhangaika na komeo la dirisha la wakwe kabla hajakaribishwa kiti.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, ambako mwalimu wa hesabu alimpa jina la Bwana Dirisha kwa kuwa alikataa kukaa mahali pengine darasani, jina likamganda hadi leo, kisha sekondari hadi mwaka 1980, na baada ya miaka mitatu ya kubeba ndoo za rangi nyuma ya baba, akajiunga na chuo cha afya mwaka 1983, akahitimu mwaka 1986. Katika miaka hiyo ya kubeba rangi ndipo aliponifundisha mimi kuandika, jioni baada ya kazi, akiushika mkono wangu ndani ya mkono wake wenye madoa ya chokaa, akinikemea herufi zangu zisilale kama walevi. Mwandiko wangu ni wake, mtu akiuona mmoja ameuona na wa pili, ila kaka aliweza kuutofautisha, na hilo mlishike.

Aliajiriwa na halmashauri ya mji tarehe 1 Julai 1986 akiwa bwana afya wa daraja la chini kabisa, akakagua mabucha, vyoo vya shule, migahawa na nyumba za wageni, hata soda hakunywa kwa mtu aliyemkagua, na wapo walioona ana maringo, na wapo waliomhama njia. Tarehe 2 Machi 2009 aliteuliwa kuwa Afisa Afya Mkuu, akahamia chumba cha mwisho cha korido yetu, chenye meza moja, kabati moja lisilofungika, na dirisha ambalo alilitia mafuta bawaba siku ile ile.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1992, na shemeji yetu huyu mnayemwona, muuza nyuzi, vifungo na zipu, meza namba arobaini na saba ndani ya ukumbi wa soko. Walijuana kwa ugomvi, kaka alikwenda kupima njia ya kupita watu akamwamuru asogeze meza yake nyuma futi mbili, shemeji akagoma, akarudi mara ya pili, shemeji akagoma, na mara ya tatu, kama shemeji anavyosimulia mwenyewe, meza ilikwishasogezwa tangu juzi yake lakini bwana afya akapima vilevile, taratibu, akarudia kupima. Walijaliwa watoto watatu, binti wa mwaka 1994 ambaye ni fundi umeme, kijana wa mwaka 1998 ambaye ni dereva wa lori, na kitinda mimba wa mwaka 2003 ambaye bado yuko shule.

Sasa nafika kwenye mwaka huu. Soko lilifungwa tarehe 6 Aprili 2020 kwa sababu ya janga, na hakuna aliyeumia kwa kufungwa kule kuliko wauzaji wa soko, shemeji akiwa mmoja wao, nyumbani kwao walikula mlo mmoja mwezi mzima wa sita, kwa hiyo asije mtu hapa akasema kaka hakujua njaa za watu. Alijua, na alitaka soko lifunguliwe, alitaka kulifungua bila kuua mtu. Tarehe 13 Julai aliwasilisha mpango wa kurasa kumi na moja, nami ndiye niliyeuchapa, kwamba zianze meza za nje, tutazame wiki mbili, kisha nusu ya wauzaji wa ukumbini waingie siku moja na nusu siku ya pili, mlango wa mashariki uwe wa kuingilia na wa magharibi wa kutokea, vyoo viwe na maji bombani na siyo ndoo ya kupigia picha, na kabla ya mtu yeyote kukanyaga ukumbini, yafunguliwe madirisha yake ishirini na mawili, yaliyopigiliwa mabati mwaka 2004 baada ya wizi na hayajaona hewa tangu hapo.

Halmashauri ilichukua ndoo, ikachukua miduara ya njano ya kuchora sakafuni, ikaongeza bango kubwa la rangi tatu, madirisha ikayaacha, kwa sababu kung'oa mabati kungechukua wiki tatu na mgeni rasmi alikwishapangiwa tarehe. Kaka aliambiwa katika kikao kwamba anakuza mambo, kwamba watu wamebaki mifupa yeye anahesabu madirisha, naye akajibu kwamba hati ya utayari wa ukumbi haitasainiwa na Afisa Afya Mkuu mpaka ukumbi upumue, akachukua futikamba yake akatoka.

Siku ya Ijumaa, tarehe 31 Julai, saa nane na dakika ishirini mchana, kaka akiwa nje kupima meza za mboga, mkurugenzi wa halmashauri aliniita ofisini kwake, akanipa kiti, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, akaniambia hati ni utaratibu tu, viti vya wageni vimekwishakodiwa, na kwamba mkataba wangu unaoisha Septemba uko mezani kwake anautazama. Nami nilikuwa nimechoka na njaa ya shemeji, nimechoka na kuchekwa kwa jina la Bwana Dirisha, na moyoni, nasema mbele ya jeneza lake, nilimwona kaka amezidi. Nikachukua kalamu, nikaandika kny, yaani kwa niaba ya, kama tunavyofanya wasaidizi wa ofisi zote bosi akiwa nje, nikasaini, nikagonga muhuri wake, uliokuwa kwenye droo ambayo aliniachia ufunguo wake kwa kuniamini.

Kaka hakusaini. Nilisaini mimi. Hakunituma, hakujua, na angejua angeichana ile karatasi.

Jumatatu tarehe 3 Agosti ukumbi ulifunguliwa kwa hotuba nne, na hati ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo penye mlango, watu wakaona muhuri na mwandiko wa kaka, ile kny hakuna aliyeijali. Kaka alifika, akaisoma, hakuhitaji kuuliza, alinitazama juu ya vichwa vya watu, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kesho yake alfajiri alikuja nyumbani kwangu, nikajua sasa nitaelezwa ukweli wangu, akaniomba ngazi. Nilimpa ngazi. Sikumfuata.

Kwa siku kumi na tano alipanda ngazi ile peke yake ndani ya ukumbi uliojaa watu, akiwa na nyundo, patasi na msumeno wa chuma, mtu wa miaka hamsini na saba, aking'oa misumari ya mabati huku wauzaji wakimlalamikia kwamba anawamwagia kutu kwenye unga, na waliokuwa chini walimtania kwamba Bwana Dirisha amepata kazi inayomfaa. Alifungua tisa. Chini yake mama wa mchele alianza kukohoa tarehe 10, akafariki tarehe 13, wakafuata fundi saa, muuza ndoo na binti wa meza ya viatu, na thelathini na mmoja waliugua wakapona.

Hapo ndipo watu walipokumbuka kwamba meza namba arobaini na saba ilikuwa tupu tangu siku ya kwanza. Ilikuwa tupu kwa sababu kaka alimwomba mkewe asubiri madirisha, naye akasubiri, akisikia wenzake wanauza, na wakati huo sahihi yangu ilikuwa ubaoni ikimfanya mumewe aonekane mnafiki. Shemeji alitukanwa bombani, mtoto akarudishwa na wenzake njiani, na ukuta wa nyumba yao ukaandikwa kwa mkaa neno ambalo sitalisoma hapa. Mimi nilipita mbele ya ukuta ule nikienda kazini, nikajitia hamnazo.

Tarehe 14 Agosti halmashauri ile ile ilimwandikia barua ya kumtaka ajieleze kwa nini aliruhusu ukumbi kufunguliwa bila hewa. Alijibu tarehe 17 kwa mistari mitatu, nakala ninayo, kwamba hati ilitoka ofisini kwake, kwamba mwenye ofisi ni yeye, na kwamba anaomba watu wawili wa kumsaidia na ngazi ya pili. Jina langu halimo. Hakuletewa mtu wala ngazi.

Aliugua tarehe 19 Agosti, ukumbi ukafungwa kesho yake, akalazwa tarehe 24, na manesi wanasema siku za mwanzo, pumzi zikiwa bado zinamruhusu kubishana, aliwasumbua kuhusu dirisha la wodi mpaka wakalifungua ili wapumzike na ubishi wake. Hatukuruhusiwa kumwona. Nilimpigia simu tarehe 29 nikitaka kumwambia, nikalia tu kwenye simu, naye akaniambia kwa sauti ya kukatika nisiache kazi kwa sababu yake, na nimwangalie mkewe. Alifariki siku ya Jumapili, tarehe 6 Septemba, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, miezi miwili na siku ishirini na sita.

Niliahidi sentensi moja ya ukurasa wa halmashauri, nayo ni hii, "Marehemu aliridhia kwa moyo mkunjufu kufunguliwa kwa soko letu na atakumbukwa kwa ushirikiano wake." Huo ni uongo, na walioandika wanajua kwamba ni uongo, wako mstari wa mbele, wameinamisha vichwa, nanyi mkiwatazama wao msiache kunitazama na mimi.

Kwa niaba ya familia natoa shukrani kwa madaktari na manesi wa wodi namba tatu, waliomhudumia wakiwa na glovu za kuhesabu, kwa majirani waliosugua ule ukuta jana bila kuombwa, kwa wafanyakazi wenzake wa idara ya afya waliobeba jeneza, na kwa halmashauri kwa shada la maua, ambalo ni kubwa. Kwa familia nne zilizofiwa sina shukrani ya kuzipa, nina msamaha wa kuomba, na sitashangaa ukikataliwa. Maelezo yangu ya tarehe 31 Julai nimeyapeleka kwa mkurugenzi leo asubuhi, nakala kwa kila familia, na nakala moja nimeibandika kwenye ubao ule ule wa matangazo, na kama ni kumwaga unga, na umwagike.

Historia hii nimeiandika kwa mkono, shemeji na watoto wameisoma jana usoni pangu, na chini yake nimesaini jina langu bila kny. Ngazi bado imesimama ukumbini chini ya dirisha la kumi. Kesho saa moja asubuhi nitakuwa juu yake, kaka, nimechelewa. Pumzika kwa amani.