Mzee Leonidasi Habonimana, Aliyechekecha Udongo wa Pango la Bugarama (1961–2025)

Marehemu Mzee Leonidasi Habonimana alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Muyinga, Burundi, mtoto wa pili wa Mzee Hategekimana na Mama Speciose. Mwaka 1972 alivuka mpaka akiwa ameshikwa mkono na mama yake, wakapokelewa Mugoma, wilayani Ngara. Baba yake hakuvuka.

Alianza darasa la kwanza mwaka uliofuata, mrefu kuliko wenzake wote na asiyejua neno la Kiswahili. Alimaliza la saba mwaka 1979 akiwa wa tatu.

Tarehe 26 Julai 1986 alifunga ndoa na Selestina Shibuda wa Nyarubungo, Biharamulo. Walijaliwa watoto watatu.

Alichimba visima hadi mwaka 2011, watafiti walipofika kwenye pango la Bugarama. Walimwajiri kuchimba, lakini baada ya mwezi mmoja wakampa chekeche, kwa kuwa jicho lake liliona jino dogo kuliko punje ya ulezi. Yalikuwa meno ya panya walioliwa na bundi maelfu ya miaka iliyopita, mifupa ikatapikwa pangoni. Mkewe alimtania mbele ya wageni: "Baba Zita, wenzio wanarudi kutoka kazini na nyama. Wewe unarudi na meno." Mzee alijifunza kuyatofautisha: matabaka ya chini panya wa nyasi kavu, ya juu panya wa kinamasi. Aliwaeleza wanafunzi kwamba hapa penye migomba palikuwa mbuga kavu, kisha mvua zikaja na panya wale wakahama. "Hakuna aliyewafukuza," alikuwa akiongeza. "Nyasi ziliwaishia tu."

Januari 2024 Daktari Deodata, kiongozi wa watafiti, alimletea habari njema. Katika tabaka la nne, la miaka elfu nane, limeonekana taya la panya wa nyumbani, yule anayefuatana na watu na mizigo yao. Taya hilo lingebadilisha yanayofundishwa kuhusu lini panya huyo alifika bara, na jina la Mzee lingeandikwa kuwa ndiye aliyeliokota. Siku hiyo Mzee hakula. Asubuhi iliyofuata alitembea hadi kambini.

"Daktari, taya lile limetoka nyumbani kwangu," alisema. "Udongo ule niliuanika kwenye mkeka wa kuanikia makopa ya muhogo, na paka wetu alikuwa akila panya wake hapo hapo."

"Unajua unafuta nini, Mzee?"

"Najua. Afadhali nikifute mimi. Sitaki kufa nikiacha uongo unaofundishwa watoto."

Aliomba jambo moja: magunia kumi na moja ya udongo wa tabaka hilo, yaliyohifadhiwa bila kuguswa, achekeche yote mwenyewe, ijulikane kama kuna taya jingine la aina hiyo.

Mwezi Mei mwaka huo aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alitibiwa Biharamulo, kisha Mwanza, na kila aliporuhusiwa alirudi kwenye magunia. Alifika la tisa. Mikono iliposhindwa, Mama Selestina alishika chekeche, Mzee akiwa kwenye kiti pembeni, akimwambia taratibu mama, usitikise kama unapepeta mahindi. Gunia la mwisho liliisha Juni 2025. Walipata meno mia nne na sita ya panya wa nyasi. La panya wa nyumbani hata moja.

Taarifa ya watafiti ilitoka Agosti. Inaeleza kosa lilivyotokea na inamtaja aliyelisema. Zita, bintiye, alimsomea ukurasa huo kitandani. Mzee aliomba asomewe tena, polepole.

Alifariki nyumbani Mugoma, Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, saa nane mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Mama Selestina; watoto Zita, Privatus na Irakoze; wajukuu wanane; na dada yake, Priscila, aliyevuka naye mpaka.

Ee Bwana, mpokee Mzee wetu. Udongo huu aliouheshimu umlaze kwa amani.