Pua Iliyoifundisha Lebo

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka ishirini na sita kazini, Mama Pua anastaafu. Siku hiyo hiyo inazimwa mashine ya lebo. Uongozi umesema mambo hayo mawili yamekutana kwa sadfa tu. Haya.

Aliingia hapa akiwa mfagiaji, wakati kiwanda bado kinatengeneza mifuko ya plastiki. Tulipohamia kwenye trei za makapi ya miwa, zinazofunikwa kwa utando wa wanga wa muhogo, alipelekwa chumba cha majaribio kwa sababu moja: pua yake haikuwa na mpinzani. Alijua nani kabadilisha sabuni, na nani kavuta sigara nyuma ya ghala kisha akajisingizia mafua.

Mkemia wetu alikuwa akitengeneza lebo ya rangi iliyokamuliwa kwenye maua mekundu ya rozela, inayobandikwa ndani ya trei. Nyama ikiwa nzima, lebo ni nyekundu. Ikianza kuharibika, mvuke wake huigeuza kijani. Lakini igeuke wakati gani hasa? Hapo ndipo Mama Pua alipohitajika. Kutwa nzima alinusa nyama na samaki, kuanzia wazima hadi waliooza, akisema "bado, bado, sasa", na mkemia akirekebisha rangi mpaka lebo na pua zikakubaliana. Wengi wetu kazi hiyo tuliikimbia siku ya kwanza. Yeye alibaki, na hakumficha mtu sababu: mdogo wake alifariki kwa kula samaki aliyetoka kwenye pakiti safi, inayong'aa.

Mwanzoni tuliyumba. Wateja waliona kijani wakadhani wamepewa ruhusa, kama kwenye taa za barabarani, na malalamiko yakatumiminikia. Ndipo mchoraji akaongeza kipicha cha mwanamke aliyebana pua, kinachojitokeza lebo inapogeuka. Mwanamke huyo ni yeye. Alipenda kusema kwamba aliuza sura yake kwa soda moja, tena ya moto.

Mwaka juzi mkemia alimletea kipande cha samaki kilichotufukuza hata sisi tuliokuwa mlangoni. Akainama, akanusa, akasema, "Huyu mzima kabisa. Mpelekeni jikoni." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, maana utani ndio zake. Akanusa tena. Kisha akatutazama mmoja mmoja, akauliza tunacheka nini. Uso ule sitausahau.

Daktari hakutaka kusema kama ni mvuke wa chumba kile au ni mafua makali aliyougua kabla. Alisema tu kwamba pua haitarudi. Mama Pua akahamishiwa kwangu, kwenye mashine ya kugandamiza trei, akafanya kazi vizuri bila manung'uniko, ingawa utani ulipungua.

Anaishi peke yake tangu mumewe atangulie. Amelazwa mara mbili kwa chakula alichopika mwenyewe. Tangu hapo, kila anachoweka kwenye friji, samaki, nyama, kiporo cha mchuzi, hukiweka pamoja na lebo yetu. Sasa lebo ndiyo inayomnusia.

Na lebo hiyo ndiyo inayoondolewa. Wenye maduka makubwa wanazitaka trei za makapi ya miwa, maana zinapendeza kwenye matangazo, lakini hawataki kitu kinachomwambia mteja ukweli kabla hajalipa. Jambo hili linaniuma, na naliandika humu humu kwenye jarida letu. Mhariri akilikata, shauri yake.

Tumemfungashia roli la mwisho la lebo lililotoka mashineni. Mkemia anasema likitunzwa gizani litadumu mwaka mmoja hivi, kisha rangi itafifia. Mama Pua alipoambiwa alijibu, "Basi mwaka unaofuata nitakula biskuti, wanangu." Safari hii hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo tumepanga zamu. Kila jioni mmoja wetu, akitoka kazini, atapita kwake kufungua friji na kufunua sufuria. Pua zetu hazifiki popote mbele ya ile uliyokuwa nayo, Mama, lakini zitakutosha. Asante kwa wote waliokula salama bila kukujua. Tunakuombea siku njema, ule ushibe, na hospitali uisikie kwa wengine.

Jumatatu ni zamu yangu. Usionje kitu kabla sijafika.