Mwaka wa Bwana Mbaruk

Kwenye foleni ya tiketi za gari la moshi, Bi Sitara alisimama nyuma ya Bwana Mbaruk, mwenye duka wa Kariakoo aliyekwisha kuupanga mwaka mzima. "Maulidi, watoto nawapeleka Bagamoyo kwa shangazi yao. Idi, Unguja kwa mjomba wao. Leo twaenda Morogoro kwa mdogo wangu Suud, mwezi mmoja tu."

Bi Sitara akawatazama watoto. Walikuwa tisa, kila mmoja na mto wake, wala hapana aliyebeba hata kiazi. "Na Suud ana habari?"

"Habari ya nini, bibie? Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Bi Sitara akamwombea Suud kimoyomoyo. Gari likaingia, likasimama. Akashuka mtu aliyefanana na Mbaruk kama shilingi kwa ya pili, na nyuma yake watoto kumi na mmoja wenye mikeka.

"Kaka Mbaruk!" akaita. "Wageni tumekuja, upone!"