Sinapati Hakuwa Amenuna

Marehemu Sinapati Leavasa alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 kijijini Safotu, kisiwani Savai'i, mtoto wa tatu wa mzee Leavasa na mama Emele. Alisoma shule ya kanisa hapohapo, akaiacha ili amwuguze mama yake.

Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka laini ya heshima, ile inayotolewa misibani na harusini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Shoga, huo ni mkeka au wavu wa samaki?" alikuwa akiuliza, na nyumba nzima ya kusukia inavunjika mbavu. Mwaka 1981 aliolewa na Tavita Pouono, wakajaliwa binti mmoja, Masina.

Mwaka 2009 vidole na magoti yalianza kumvimba. Akaacha kuja kusuka, akaacha kula, akaacha hata kuitikia salamu. Nasi, jamani, tukajipa jibu upesi: amenuna, kwa kuwa mkeka wake haukutolewa kwenye msiba wa chifu.

Basi wanawake wasukaji wenzake wakaenda kuomba radhi. Alfajiri waliketi uani kwake, wamejifunika mikeka vichwani, wakimngoja atoke awafunue, ndiyo ishara ya kusamehe. Jua likapanda, likachoma. Hakutoka.

"Katukataa," wakanong'ona.

Lagi, wifi yake, akautupa mkeka wake akaingia ndani, jambo lisilofanywa kabisa.

"Wifi, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Siwezi kusimama. Na hata ningeweza, mimi wa kuombwa radhi ni nani? Mwili unawaka, moyo umezima."

Lagi alimshika goti, akalikuta la moto. Wakalia wote wawili.

Daktari aliwaeleza kuwa ni baridi yabisi, na kwamba uvimbe wa namna hiyo unaweza kugusa hata ubongo na kuchochea sonona. Tena maumivu nayo huvunja moyo. Akatibiwa yote mawili. Ilichukua muda mrefu, lakini alirudi kusuka, na utani wake ukarudi. Giza lilipomjia tena, alimwita Lagi mwenyewe.

Moyo wake ulianza kudhoofika mwaka jana, na mwaka huu akafariki nyumbani, tarehe 12 Julai 2023. Ameacha mume, binti, wajukuu wawili, na wifi aliyempenda mno.

Siku zake za mwisho alimwambia Lagi, "Mkinizika, waambieni watu nilikuwa mgonjwa. Sikumnunia mtu."

Tumewaambia, Sinapati. Pumzika sasa, mama.