Nyambizi ya Mtumba

Mbele ya duka la kahawa la Hikmet, mkabala na geti la kambi ya wanamaji, kuna benchi lisilokosa ubishi. Siku hiyo ubishi ulikuwa mmoja tu: nyambizi Sarıkanat ilitakiwa kuibuka na kuita kwa redio jana adhuhuri, na haikuita. Katikati ya benchi alikaa Fundi Tahsin, aliyestaafu baada ya kuzihudumia betri za nyambizi hiyo tangu ujana. Cevat, mwanawe wa pekee, alikuwemo ndani ya nyambizi. Wenzake Tahsin pale benchini walijua, ndiyo maana walipiga domo kwa nguvu zote.

— Redio tu hiyo imeharibika, alisema yule waliyemwita Darubini kwa shingo yake ndefu. Mtumba una mambo yake. Wamarekani wameitumia vitani, wakaitelekeza bandarini ikaota kutu, wakaipaka rangi wakatuuzia.

— Ya kale dhahabu, alisema Hikmet akimimina kahawa.

— Dhahabu gani inavuja? Kiraka juu ya kiraka! Sivyo, fundi?

Tahsin aliitikia kwa kichwa. Viraka vile alivijua kwa kuvipapasa gizani.

— Hamjui kitu nyie, alidakia Rasim kinyozi. Chombo kina jina lake la kwanza. Sisi tukakipa jingine. Kimeitwa huko chini kwa lile la zamani, kikaitika. Kimerudi kwao!

— Amerika? aliuliza Darubini. Kwa mafuta yapi?

— Mwacha asili ni mtumwa, bwana!

— Basi ni wanawake, alisema Darubini. Mtu wa meli ya juu, mkewe humwaga maji nyuma yake ili arudi salama. Lakini wa nyambizi? Si unamwitia maji! Yupo aliyemwaga, nawaambia.

Hakuna aliyekuwa amemwona Nermin, mke wa Cevat, bibi harusi wa juzijuzi kutoka bara, amesimama nyuma yao, kitambaa kichwani kimefungwa upande.

— Baba, alimwambia Tahsin, mimi nilimwaga. Ndoo nzima. Ndiyo sababu?

Darubini aliinamia kikombe chake. Hikmet alisimama na birika mkononi, hamimini.

Tahsin alimhurumia mkwewe. Kumtua mzigo ule kulikuwa rahisi, ila angelazimika kutamka lile ambalo benchi zima lilikuwa likilikwepa tangu jana.

— Si maji yako, mwanangu, alisema. Ni chuma kibovu.

Nermin aliketi chini palepale barabarani, akaanza kumlilia mumewe.